Gari Likiongezewa Pumzi, Nani Atalipa?

Ndugu msomaji, majuma machache yaliyopita nilikwenda Rujewa, katika bonde la Usangu, kumjulia hali dada yangu, mama ambaye umri umempunguzia nguvu za miguu lakini haujampunguzia ukali wa ulimi. Mavuno ya mpunga yalikuwa yamekwisha. Mashine za kukoboa zilinguruma tangu alfajiri, na pumba zilipeperushwa na upepo zikatua juu ya mapaa, juu ya nguo zilizoanikwa, na hata ndani ya kikombe changu cha chai. Nilikuwa nimeketi chini ya mwembe nikiziopoa pumba hizo kwa ncha ya kijiko, pale mpwa wangu alipowasili na mkewe katika gari lao.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Habari za mavuno?"

Habari zilikuwa njema. Hata sijamaliza kuzisikia, alifungua mlango wa nyuma akateremsha vitu viwili vilivyoviringishwa katika magunia. Cha kwanza kilikuwa turbo kubwa iliyofunguliwa katika injini ya lori. Cha pili kilikuwa kipoza hewa cha aluminiamu, kile ambacho mafundi wetu hukiita intakula, kipana kama mlango wa kabati.

"Mjomba, wewe uliendesha magari kabla mimi sijazaliwa," alisema. "Jumatatu navipeleka kwa fundi Mbeya avifunge. Naomba baraka zako."

Yafaa nikueleze, ndugu msomaji, gari lenyewe ni gari gani. Ni Toyota Land Cruiser ya dizeli yenye injini iitwayo 1HZ, ile ambayo watu huiita mkonga kwa ajili ya bomba lake la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo. Kila kukicha gari hilo huwapeleka watoto shuleni na mama yao zahanati, mahali anapofanya kazi. Baada ya hapo hubeba mchele kwenda Mbeya, na msimu wa viazi hupanda Matamba kwa ile njia ya kona hamsini na saba inayoanzia Chimala. Kwa maneno mengine, gari hilo ni shamba la pili la nyumba ile. Likilala siku moja, watu sita huulizana la kufanya.

Lalamiko la mpwa wangu lilikuwa kwamba likifika mlima wa Inyala gari hukata pumzi. Hujikuta nyuma ya lori linalotambaa, naye hana nguvu za kulipita. Akiba ya mavuno ilikuwepo, na fundi alikuwa ameahidi kumaliza kazi kwa siku mbili. Mkewe alisimama kando, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, asiseme neno.

Sikumpa baraka, wala sikumnyima. Nilimsimulia kisa ambacho sikuwa nimekisimulia kwa muda mrefu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa na pikapu ya dizeli, injini yake haikuzaliwa na turbo. Nilimtafuta fundi nikamwomba aniwekee moja, tena aifungue pampu ili dizeli iongezeke. Kipoza hewa sikukitaka, nikidhani ni urembo. Geji ya joto la moshi sikuijua. Kwa majuma sita nilikuwa mfalme wa barabara. Juma la saba nilipanda Kitonga alasiri moja ya jua kali, nyuma nimepakia shehena, mbele nimepakia mke na watoto wawili. Nilikanyaga mafuta nikawapita wengine, moshi mweusi ukinifuata kama mkia. Karibu na kilele nilisikia mlio kama wa nyundo juu ya chuma kilichopasuka, kisha mvuke ukaziba kioo chote. Pistoni moja ilikuwa imeyeyuka upande, na silinda hedi ilikuwa na ufa. Tulikaa kando ya korongo hadi usiku wa manane, watoto wamejifunika turubai, malori yakitupita kwa umbali wa mkono. Fedha za matengenezo zilitoka katika fungu la bati za nyumba, na nyumba ile ilikaa misimu miwili ya mvua bila paa. Mke wangu hakunilaumu. Nilitamani angenilaumu.

Fundi alitenda nilichomwagiza. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeagiza nisichokifahamu.

Basi tukakaa chini, na mpwa wangu akaanza kuuliza maswali ambayo yangalifaa kuulizwa kabla ya kununua. Nimeona heri niyaandike hapa, kwa kuwa najua wasomaji wengi, wenye magari ya petroli na ya dizeli, wanalo wazo hilohilo kichwani.

Kwanza, turbo ni nini? Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika ncha mbili za mhimili mmoja. Moshi utokao katika injini hulizungusha gurudumu la kwanza, nalo humzungusha mwenzake, na mwenzake huishindilia hewa ndani ya silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipewa hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Volvo wa Sweden walitoa malori yao ya Titan yenye turbo mwaka 1954, na mwaka 1969 Scania, wa nchi hiyohiyo, wakatoa injini ya silinda nane yenye turbo na nguvu za farasi 350. Wengi wetu tuliokaa kandokando ya barabara kuu ya kwenda Zambia tuliujua mluzi wa turbo kwa malori hayo, zamani kabla haujaingia katika magari ya nyumbani.

Pili, kwa nini gari hukata pumzi mlimani? Sababu moja ni mwinuko wenyewe. Nyingine ni hewa. Rujewa ipo kiasi cha mita 1,000 na ushei juu ya bahari, na Mbeya kiasi cha mita 1,700. Katika kimo cha Mbeya shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 tu ya lile la pwani. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo, na hesabu ya mafundi ni kwamba hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 inazopanda. Injini ya 1HZ yenye nguvu za farasi 130 hivi pale Dar es Salaam, ikifika Mbeya huwa imeacha njiani zaidi ya farasi ishirini. Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa anaota. Katika nchi yetu hii ya milima, turbo ina hoja ya haki kuliko pwani, maana huirudishia injini hewa ambayo mlima umeinyima.

Tatu, kipoza hewa ni cha nini? Kila mtoto aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua jinsi pampu inavyochoma vidole. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Hewa ya nyuzi 30 za sentigredi ikipita katika turbo na kuongezewa nusu ya shinikizo lake, hutoka ikiwa na nyuzi 80 au zaidi. Hewa yenye moto imetanuka, kwa hiyo silinda hupokea kidogo kuliko ilivyoahidiwa, tena hupokea joto ambalo haikulihitaji. Kipoza hewa kizuri huondoa kiasi cha theluthi mbili za joto hilo lililoongezwa. Hewa huingia na nyuzi 50 hivi, na katika nafasi ileile huingia hewa zaidi kwa karibu asilimia kumi. Kwa gari la kutembea kila siku, faida kubwa ni ule ubaridi wenyewe, kwa sababu injini hufa kwa joto kabla ya kufa kwa kazi.

Hapo mpwa wangu alitabasamu. "Basi mjomba, mimi ninavyo vyote viwili."

Nilimwomba anijibu swali moja. Injini yako ilizaliwa na turbo, au la?

Jambo hili, ndugu msomaji, ndilo kiini cha shauri lote. Mwaka 1990 Toyota walileta injini mbili zinazofanana kwa sura, zote za silinda sita na lita 4.2. Moja ni hiyo 1HZ, nyingine ni 1HD-T yenye turbo. Mtu angedhani tofauti yao ni turbo tu. La hasha! Katika 1HZ hewa hubanwa hadi kuwa sehemu moja ya 22 na zaidi, na dizeli hunyunyiziwa katika chumba kidogo cha pembeni. Katika 1HD-T mgandamizo ulipunguzwa chini ya 19, dizeli ikapelekwa moja kwa moja juu ya pistoni, na pistoni zenyewe zikasanifiwa kwa joto la turbo. Wenye kiwanda wakitaka kuongeza pumzi walibadili kifua. Sisi katika gereji hupenda kuongeza pumzi tukaacha kifua kilekile.

Je, ina maana 1HZ haiongezewi turbo kabisa? Huongezewa, na yapo magari mengi yaliyoongezewa ambayo yanafanya kazi kwa miaka, katika nchi yetu na nje. Lakini yaliyodumu ni yale ambayo wenyewe walijua kiasi. Nikamhesabia mpwa wangu viasi hivyo kimoja kimoja.

Kiasi cha kwanza ni ukubwa wa turbo. Turbo ya lori alilonunua ni gurudumu zito. Haliamki mpaka injini izunguke kwa kasi, kisha huamka ghafla kama mlevi aliyemwagiwa maji. Gari la nyumbani hufanya kazi yake kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika. Kwa hiyo linataka turbo ndogo, iliyopimwa kwa injini ya ukubwa huo, ambayo huanza kusukuma mapema na kwa upole. Mwenye kuchagua turbo kubwa kwa matumaini ya siku za usoni atateseka siku zote za sasa.

Kiasi cha pili ni shinikizo. Kwa injini isiyozaliwa na turbo, nusu ya shinikizo la kawaida, yaani ratili 7 kwa inchi ya mraba, ni haki yake. Ukitaka zaidi, nunua injini iliyoumbwa kwa zaidi.

Kiasi cha tatu ni mafuta. Katika dizeli, joto linaloyeyusha pistoni huletwa na mafuta yaliyozidi hewa, na shahidi wake ni moshi mweusi. Pampu ifunguliwe kidogo tu, na ipimwe. Katika petroli mambo ni kinyume: mafuta yakipungua ndipo joto hupanda, injini ikaanza kugonga kama kokoto ndani ya debe. Mwenye gari la petroli asiongeze shinikizo bila kurekebisha mafuta na wakati wa cheche, wala asiliwekee petroli duni gari lililoandikiwa petroli bora.

Kiasi cha nne ni kipoza hewa chenyewe, na hapa wengi hudanganywa na macho. Kikubwa mno hurefusha njia ya hewa, na gari huchelewa kuitika. Tena kikiwekwa mbele ya rejeta hukinga upepo, nayo rejeta ikakosa kupumua wakati inapohitaji zaidi, yaani mlimani kwa mwendo wa pole. Kikiwekwa juu ya injini, kama katika Subaru nyingi, mabomba huwa mafupi na gari huitika upesi, lakini katika foleni hupokea joto la injini iliyo chini yake mpaka gari lianze kwenda. Kwa matumizi ya kila siku, chagua cha wastani, chenye mapezi yasiyobanana sana, kilicho mahali unapoweza kukifikia kwa brashi na maji. Sisi wa Usangu tuna pumba na vumbi, na kipoza hewa kilichozibwa na pumba ni afadhali kisiwepo, maana kinaziba na rejeta iliyo nyuma yake.

Kiasi cha tano ni macho ya kuona hatari. Geji ya maji pekee huleta habari msiba ukishatokea. Iwekwe geji ya joto la moshi, kijiti chake kikiwa kabla ya turbo, na dereva ajifunze kuondoa mguu inapokaribia nyuzi 700 katika mlima mrefu. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660, na kinachoikinga pistoni ni oili na maji yanayoipoza kila nukta. Ningekuwa na geji hiyo pale Kitonga, nyumba yangu ingeezekwa kwa wakati.

Kiasi cha sita ni oili. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, umeelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili chafu au ya bei ya kutupa ni sumu yake. Ibadilishwe mapema, kila kilomita 5,000, na baada ya kupanda mlima dereva asizime injini papo hapo. Aiache ingurume taratibu dakika moja au mbili turbo ipoe, ndipo azime. Vijana wa gereji hutamka "tabo" badala ya turbo. Mwenye kupuuza oili atalitamka neno hilo kwa irabu moja zaidi.

Mpwa wangu alikuwa ameinamisha kichwa, akihesabu kwa vidole. Ndipo mkewe aliposema kwa mara ya kwanza.

"Mjomba, kuna jambo hujaambiwa. Mwezi uliopita tulikuwa Inyala na watoto wote nyuma. Alitoka kulipita lori, nguvu zikaisha katikati, na mbele likatokea basi. Dereva wa lori ndiye aliyepunguza mwendo tukarudi upande wetu. Mdogo wetu mpaka leo akiona basi huficha uso." Alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mumewe. "Baba nanihii, sikatai gari kupewa nguvu. Nauliza tu. Ukizipata hizo nguvu, pale penye kona utangoja, au utapita?"

Kuku walikuwa wakiparura pumba miguuni petu. Mpwa wangu hakujibu kwa muda, na mimi sikumsaidia. Hatimaye alisema kwa sauti ya chini, "Nitangoja."

"Basi hata leo unaweza kungoja," alisema mkewe. Hapakuwa na ukali katika sauti yake.

Ndugu msomaji, katika maneno yote niliyosema chini ya mwembe ule, sikusema lenye uzito wa hilo. Mtu aliyetoka kulipita lori penye kona bila nguvu atatoka vilevile akiwa nazo, ila atakuwa na mwendo mkubwa zaidi. Turbo hupandisha gari. Breki na busara ndizo zinazolishusha, nazo haziuzwi pamoja na turbo. Anayeongeza nguvu na akague kwanza breki, matairi na klachi, tena aijulishe kampuni yake ya bima kwamba injini imebadilishwa, ili siku ya ajali asije akaambiwa gari alilokatia bima si hili.

Asubuhi yake tulifanya kazi isiyo na gharama kubwa. Tulifungua chujio la hewa: lilikuwa limeshiba vumbi kama mto wa kulalia. Tulimulika rejeta kwa tochi, na mwanga haukupita upande wa pili, kwa jinsi pumba na wadudu walivyogandamana katika mapezi. Tuliiosha kutoka ndani kwenda nje, kwa maji yasiyo na nguvu nyingi ili mapezi yasipinde. Fundi wa Rujewa alizipima nozeli, na mbili kati ya sita zilikuwa zinadondosha badala ya kunyunyiza. Zilirekebishwa. Juma lililofuata mpwa wangu alinipigia simu kutoka Uyole. Gari lilipanda Inyala likiwa na shehena ileile, gia moja juu ya ile ya zamani, na moshi umepungua.

Sikuambii kwamba limekuwa na mbio. Limerudishiwa kile kilichokuwa chake. Turbo ya lori aliiuza kwa hasara ndogo, na kile kipoza hewa kikubwa kikaenda kwa mwenye lori, mahali pake pa haki. Ada ya binti mkubwa imelipwa. Msimu ujao, mavuno yakiwa mema, watakaa tena, yeye na mkewe pamoja, wachague moja kati ya mawili: turbo ndogo na kipoza hewa cha wastani pamoja na geji zake, au kuliuza gari hilo na kutafuta lililozaliwa na turbo. Njia zote mbili ni za haki kwa mwenye kuzifuata kwa kiasi.

Nawe msomaji, ukiwa na wazo kama hilo, anza kwa kulisafisha na kulipima gari ulilonalo. Kisha uliza injini yako ilizaliwa vipi. Kisha, kabla hujamwita fundi, mwite yule anayeketi kando yako safarini, umuulize analionaje jambo hilo. Yeye hupanda mlima uleule, lakini hashiki usukani.